Kete Tulizozitia Motoni



Mama zetu, dada zetu na jamaa wote wasomaji, juma hili twaomba ruhusa tuiweke kando mada ya mirathi tuliyoahidi, tueleze jambo lililotupata Jumamosi mbili zilizopita. Baadhi yenu mmekwisha kulisikia likizunguka mitaani, kwamba sheikh fulani ameonekana katika ukumbi wa shule, na kanzu yake na kofia yake, amekaa mbele ya ubao wa sataranji. Ni kweli. Tulikuwa sisi, na tulishindwa.

Chanzo ni binti yetu. Sasa yuko kidato cha tatu, na mchezo huu aliujua shuleni alipokuwa kidato cha kwanza. Siku ya kwanza alipoingia nyumbani na ubao wa kukunjwa chini ya buibui lake, tulimwambia kwamba hiyo ni haramu na aurudishe alikoutoa. Hakubisha. Aliuliza tu, kwa adabu, "Baba, imeandikwa katika kitabu gani? Nataka niwaonyeshe wenzangu."

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa na sauti ya mwalimu wetu masikioni, tuliyoisikia tukiwa wadogo, na sauti hiyo tulikuwa tumeigeuza kitabu. Usiku ule tuliteremsha Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, kitabu ambacho wengi wetu watu wa pwani tuliofuata madhehebu ya Imamu Shafi tumekisoma kwa masheikh. Sisi tulianza na tohara, tukapita sala na biashara, tukafika mirathi na nikahi, kisha maisha yakatuita na kitabu kikafungwa. Sataranji haiko huko. Iko karibu na mwisho, katika kitabu cha ushahidi, kwa kuwa suala linaloulizwa ni kama mtu achezaye sataranji hukubaliwa ushahidi wake mbele ya kadhi. Na hukumu iliyopo pale ni kwamba mchezo wa nardi, ule wa kutupa dadu, ni haramu, na sataranji ni makuruhu. Wakiwekeana mali pande zote mbili, hapo ni kamari. Wenye kukisherehesha kitabu wakaongeza kuwa ikimpitishia mtu wakati wa sala, au ikaambatana na maneno machafu, basi nayo huharamika.

Msije mkasema tumewaruhusu. Makuruhu ni jambo ambalo kuliacha ni bora, na wanazuoni wa madhehebu mengine matatu wengi wao wamelikataza kabisa. Hata zama zetu hizi watu hawajaafikiana. Mwaka 2016 ilienea duniani kauli ya Mufti Mkuu wa Saudi Arabia ya kuukataza mchezo huu, na Disemba ya mwaka 2017 mashindano ya dunia ya sataranji ya haraka yakachezwa mjini Riyadh. Imamu Shafi mwenyewe amesimulia kwamba Said bin Jubayr, katika tabiina, alikuwa akiucheza hali ameupa ubao mgongo, akitaja tu kete isogezwe wapi. Tulisoma hayo yote hadi taa ya sebuleni ikawa ndiyo peke yake inayowaka mtaani.

Hatukulala, na si kwa sababu ya binti yetu.

Miaka 28 iliyopita, tukiwa na umri wa miaka 26 na tumeanza tu kusomesha, tulimkuta mwanafunzi mmoja wa miaka 11 nyuma ya chuo, amekaa na wenzake wawili. Mbele yao palikuwa na kipande cha katoni kilichochorwa miraba, na juu yake kete za mti. Alizichonga mwenyewe kutokana na vipande vya mbao vya karakana ya mjomba wake, nusu yake akazipaka makaa ili ziwe nyeusi. Farasi wake walikuwa na masikio. Tunakumbuka masikio yale. Tulimpiga kofi, tukazikusanya kete zote katika upindo wa kanzu, tukazitia katika jiko la mkaa lililokuwa likichemsha kahawa ya walimu. Darasa zima likaangalia. Tukasema kwa sauti kwamba huu ni mchezo wa haramu, na tukarudi kwenye kiti chetu tukijiona tumeihami dini. Baada ya siku chache yule mtoto hakuonekana tena. Tuliambiwa kuwa wamehama, tukaamini, kwa kuwa kuamini kulikuwa kwepesi.

Asubuhi tulimwita binti yetu tukamwambia kwamba tulikosea, kitabu hakikusema tulivyosema. Tukampa sharti tatu: pasiwe na fedha, pasiwe na matusi, na adhana ikiita akili yake iondoke ubaoni. Akakubali. Kisha akatuomba tucheze naye, kwani nduguze wote hawana subira.

Ndivyo tulivyojifunza, baada ya isha, mezani pa chakula. Mama watoto alikuwa akikaa karibu na ushoni wake, na siku moja akauliza swali ambalo sisi hatukulifikiria: mbona katika jeshi hili mwanamume mkubwa, yaani shaha, anakwenda hatua moja moja kwa woga, na mwanamke ndiye anayetembea ubao mzima? Tukatafuta. Kumbe hapo awali hapakuwa na mwanamke. Mchezo ulitoka Bara Hindi ukaenda Uajemi, na Waarabu wakaupokea huko. Abu Bakr as-Suli, bingwa wa Baghdad aliyecheza mbele ya Khalifa al-Muktafi, hakumjua malkia. Kando ya shaha alisimama firzani, yaani waziri, naye alikuwa dhaifu, akienda mraba mmoja tu kwa mshazari. Mchezo ulipofika Ulaya waziri akageuka malkia, na mwishoni mwa karne ya 15 akapewa nguvu zote hizi alizo nazo. Neno shaha lenyewe tunalo sisi Waswahili mpaka leo, tukimwita hivyo bingwa wa mashairi. Mama watoto alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi huyo waziri alihitaji tu apewe nafasi," akaendelea na ushoni wake.

Sasa tuje kwenye Jumamosi yenyewe.

Yalikuwa mashindano ya wachezaji wa kawaida, wake kwa waume, watoto na watu wazima, katika ukumbi wa shule moja hapa Mombasa. Tulikwenda kama mzazi. Jambo la kwanza tulilouliza ni fedha za kujiandikisha zinakwenda wapi. Tulipoambiwa ni za ukumbi na chai, na kwamba kikombe kimetolewa na mfadhili ambaye hachezi, roho ikatua. Lakini idadi ya wachezaji wakubwa ilikuwa witiri, mmoja angekaa bure kila mzunguko, na msimamizi akatazama huku na huku. Binti yetu, Mungu amuhifadhi, akanyanyua mkono na kusema, "Baba yangu anajua kucheza."

Mzunguko wa kwanza ulianza saa nane na nusu mchana. Kila mchezaji alipewa dakika 45 katika saa yenye nyuso mbili. Ukishacheza unabonyeza, na wakati wa mwenzako unaanza kwenda. Sisi tulipangiwa kete nyeupe. Mpinzani wetu, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, alisimama tulipofika, akasema, "Assalaamu alaykum, Maalim," akainama kidogo kama mtu aliyetaka kutubusu mkono kisha akajizuia. Hatukushangaa. Katika mji huu wanaotuita Maalim ni wengi, na wengi wao hatujawasomesha.

Tulifungua kwa kitunda cha malkia, kile kinachosimama mbele yake. Tukakisogeza miraba miwili. Binti yetu alitufundisha mwanzo huo kwa kuwa ndio unaomfaa mtu mzima, asemavyo yeye, maana hauna haraka. Mpinzani naye akasogeza chake, vikatazamana katikati ya ubao. Hatua ya pili tukakiweka kando yake kitunda cha pili, kama chambo. Mwanzo huo una jina katika lugha za Ulaya, na asili ya neno lake ni la Kitaliano lenye maana ya kupiga mtu ngwala. Mpinzani hakulila chambo. Alikiimarisha kitunda chake kwa kitunda kingine nyuma yake. Tukatoa farasi, naye akatoa farasi wake. Tukamtoa tembo, kete ambayo Wazungu humwita askofu na Waarabu wakimwita fili, tukamweka mahali anapomtazama yule farasi wake. Na nyuma ya farasi, katika mstari ule ule, alisimama malkia wake.

Wasiojua mchezo wastahamili hapa kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe ni jepesi. Farasi akiondoka, tembo wetu anamla malkia. Kwa hivyo farasi amefungwa. Mchezaji yeyote mchanga anaona hivyo, na sisi tuliona. Mpinzani akatoa farasi wake wa pili, akamkalisha mahali pa ajabu kidogo, kama mtu asiyekuwa na la kufanya. Tukabadilishana vitunda katikati. Sasa mbele yetu palikuwa na kitunda chake kimoja kinacholindwa na farasi yule yule aliyefungwa peke yake.

Kilikuwa kimekaa bure. Tulikitazama kwa muda usiozidi dakika moja, tena katika dakika hiyo nusu tuliitumia kuwaza jinsi tutakavyomsimulia binti yetu. Tukakila kwa farasi. Ilikuwa hatua yetu ya sita.

Yule bwana akafikiri. Na alipokuwa akifikiri aliuma ncha ya ulimi wake pembeni mwa mdomo, kushoto. Sisi tukapoa mwili mzima. Tulimjua mtoto mmoja tu aliyefanya hivyo kila alipotafuta aya iliyomponyoka.

Kisha akamchukua farasi wake aliyefungwa, akamla nao farasi wetu. Alimwacha malkia wazi! Tukamla malkia, maana mtu afanye nini? Akamtoa tembo wake kutoka pembeni, mstari mrefu, na kusema taratibu, "Shaha." Tukatazama. Shaha wetu hakuwa na pa kukimbilia. Hapakuwa na kete ya kumkinga isipokuwa moja, naye ni malkia wetu. Tukamweka mbele, akaliwa na tembo. Tukamla tembo kwa shaha, naye akamla tembo wetu kwa shaha wake. Vumbi lilipotulia, malkia wote wawili walikuwa nje ya ubao, sisi tumefaidi kitunda kimoja na tumepoteza farasi mzima.

Mtego huo una jina, alitueleza baadaye: wachezaji huuita Mtego wa Tembo, na umeandikwa tangu mwaka 1848, ambapo bwana mmoja Karl Mayet alinaswa nao mjini Berlin na Daniel Harrwitz. Basi tuko na wenzetu.

Tungeweza kusalimu amri hapo hapo. Hatukusalimu, na hatuwezi kudai ilikuwa ushujaa; tuliogopa tu kwamba mchezo ukiisha itabidi tuzungumze. Tukacheza hatua nyingine zaidi ya 30, sisi tukizidi kubanwa, ngome zikabadilishana, vitunda vyetu vikaanguka kimoja kimoja. Adhana ya alasiri iliita tukiwa katika hali hiyo, na ilikuwa zamu yake kucheza. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kete. Akaurudisha magotini, akainamisha kichwa, akawa anamwitikia muadhini kimya kimya mpaka mwisho, na saa iliyokuwa ikienda wakati wote huo ni yake. Alipomaliza dua alikisogeza kitunda chake cha pembeni. Hatua tatu baadaye kilifika mwisho wa ubao kikageuka malkia. Tukamlaza shaha wetu ubavu, ndiyo desturi ya kukubali, tukapeana mikono.

"Tukasali, Maalim," akasema.

Msikiti uko hatua chache kutoka shuleni. Jamaa waliokuwapo walitutanguliza, tukasalisha, naye alisimama safu ya kwanza nyuma yetu upande wa kulia. Hatusemi zaidi kuhusu sala ile, ila kwamba rakaa nne zilikuwa ndefu. Baada ya nyiradi tulimkuta barazani akivaa viatu.

Tulikuwa tumejitayarishia maneno mazuri. Yalitupotea. Tukamwambia tu kwamba kete zile tulizitia motoni kwa kosa, kwamba hukumu tuliyoitoa siku ile hatukuwa tumeisoma, na kwamba tunamtaka radhi hapa duniani kabla ya kesho mbele ya Mola.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kete, Maalim? Nilichonga nyengine wiki ile ile. Kete nilikuwa nimezisahau. Kofi ndilo ninalolikumbuka. Dada yangu mdogo alikuwa upande wa wasichana. Alilia yeye, mimi sikulia."

Ndugu wasomaji, miaka miwili tulikuwa tukijuta kwa jambo lisilokuwa lenyewe. Tulikuwa tumehesabu kete. Tulikuwa tumechambua hukumu ya mchezo, makuruhu na haramu, kauli ya huyu na kauli ya yule, na mkono wetu wenyewe hatukuuweka katika hesabu. Hata kama sataranji ingekuwa haramu kwa ijmaa ya umma mzima, ni wapi tuliposoma kwamba mtoto hupigwa usoni?

Hawakuhama. Alikataa kurudi chuoni, mama yake akaona haya kutuambia. Aliishia juzuu tatu. Aliendelea na shule, akaajiriwa, akaoa, na siku alipomwambia mkewe kwamba hajakhitimu Qur'ani, mkewe hakusema neno. Ila asubuhi ya pili yake, baada ya alfajiri, aliweka misahafu miwili juu ya jamvi. Alikhitimu akiwa na umri wa miaka 31, mwalimu wake akiwa mama wa watoto wake. Alitusimulia haya bila ya hasira, akifunga kamba za viatu, na pengine hasira ingetufaa zaidi.

Kisha akasema kwamba ana binti wa miaka saba. Chuo chetu ndicho kilicho karibu na nyumba yao, mkewe anataka mtoto aje, na yeye ndiye aliyekuwa akizuia. "Nilipoona jina lako limeandikwa dhidi ya langu ukutani," akasema, "nikamwambia Mungu, basi leo nitaliuliza."

Tukamwahidi kwamba hatutamgusa mtoto wake. Akatoa simu, akampigia mkewe, akaiweka sauti wazi, akatupa. "Mwambie mwenyewe, Maalim."

Tukamsalimu yule mama. Tukamwambia kwamba binti yake hatapigwa na sisi wala na mwalimu mwengine yeyote wa chuo. Akatushukuru kwa heshima nyingi, akatuombea dua. Halafu akauliza, "Na wenzake, Maalim?"

Hatukufahamu mara moja. Akaeleza kwamba mtoto wake hatakaa chumbani peke yake. Akiwaona wenziwe wanapigwa na yeye hapigwi kwa sababu babake aliwahi kumshinda Maalim sataranji, atajifunza nini? Mumewe alikuwa akitazama barabarani kana kwamba hasikii.

Tukasema, "Na wenzake."

Mtoto alianza Jumamosi iliyofuata, yuko katika kuunga herufi, na ana sauti kubwa kuliko mwili wake. Bakora iliyokuwa ikitundikwa nyuma ya mlango tuliiondoa siku ile ile. Wazee wawili wamekuja kutulalamikia kwamba watoto wataharibika, na mwalimu mwenzetu mmoja, tunayempenda na aliyetuzidi kwa elimu, bado hajakubaliana nasi. Anasema adabu ina njia zake na sisi tumeyumbishwa na mchezo. Tumekubaliana tukae kesho baada ya isha tulizungumze, vitabu vikiwa mbele yetu, na safari hii tuvisome mpaka mwisho.

Binti yetu alishika nafasi ya nne katika kundi lake. Tulipomwonyesha mchezo wetu nyumbani, alifika hatua ya sita akaweka mkono kinywani. "Baba," akasema, "hukujiuliza kwa nini amekiacha?"

Mirathi tutairudia juma lijalo, inshallah.